Onyesha Hesabu

Kama ulisoma Kenya, ulikuwa na yule mwalimu wa hesabu asiye na huruma. Umeandika jibu, jibu ni sahihi kabisa, lakini hukuonyesha njia. Anakupa alama moja kati ya tatu na kuandika kwa wino mwekundu: njia iko wapi? Unamwambia, "Mwalimu, nimepiga kwa kichwa." Anakujibu, "Kichwa chako hakiko kwa hii karatasi."

Leo nataka kuongea kuhusu watu wazima, wenye digrii, wanaolipwa pesa za umma, ambao kwa miaka mingi wameruhusiwa kutoa jibu bila njia. Na jibu lenyewe si eti x ni sawa na 7. Jibu lao ndilo linaamua kama mgonjwa atapata pesa ya kodi na chakula, ama ataambiwa arudi nyumbani ajisort.

Wacha nianze na anti yangu, dada yake baba.

Anti ako Minnesota. Nyinyi wote mna mtu kama yeye. Alienda huko, akafanya kozi fupi, akaanza kazi ya kuhudumia wazee. Kama hujui hiyo kazi ni nini hasa, usidanganywe na zile picha za theluji na gari jipya. Ni kuinua mtu wa kilo 90 kutoka kitandani, kumpeleka bafuni, kumgeuza usiku asipate vidonda, halafu unaenda kwa mwingine. Anti amefanya hivyo miaka 11, mara nyingi shifti mbili. Karo yangu ya Form One hadi Form Four ilitoka kwa mgongo wake. Nasema mgongo na sisemi mafumbo.

Huo mgongo sasa umekwisha. Diski zimelika, neva zimebanwa, mguu wa kushoto unakufa ganzi. Amefanyiwa upasuaji, haukusaidia sana. Hawezi kuinua mtu tena. Kusimama dakika 20 ni shida. Ana miaka 47.

Kila mwezi kwa hiyo miaka 11 alikuwa anakatwa pesa ya Social Security kwa mshahara wake. Ile bima inasema hivi: ukilipa kwa miaka ya kutosha, halafu mwili ukakataa kazi kwa muda wa angalau miezi 12, utalipwa kitu cha kila mwezi. Si sadaka. Ni bima, amelipia. Ameomba, na sasa anangoja kesi yake isikizwe na jaji.

Juzi alinipigia video call baada ya kuongea na wakili wake. Nilidhani atanieleza mambo ya madaktari na eksirei. Hapana. Aliniambia, "Unajua kitu kinaweza kuniangusha? Ni mtu wa kuhesabu kazi."

Nikamuuliza, kuhesabu kazi vipi? Aliponieleza nilidhani ananibeba. Nikaingia kusoma mwenyewe. Usiku wa kwanza sikulala vizuri, ndiyo maana naandika.

Iko hivi. Kuamua kama mtu ni mlemavu kwa sheria yao, kuna maswali matano yanayofuatana. La kwanza, unafanya kazi ya kukuingizia pesa ya maana saa hii? La pili, ugonjwa wako ni mkubwa? La tatu, uko kwa orodha yao ya magonjwa makali kabisa? La nne, unaweza kurudi kwa kazi ulizokuwa ukifanya miaka ya karibuni? Watu wengi kama anti wanafika hapo na jibu ni la, hawezi kurudi kuinua wazee. Ndipo swali la tano linakuja: sawa, hiyo huwezi. Lakini kuna kazi nyingine yoyote katika uchumi wa Marekani mzima ambayo ungeweza kufanya, na je, ziko nyingi?

Kwa swali hili la tano mzigo hauko kwa mgonjwa tena. Serikali ndiyo inatakiwa kuonyesha hizo kazi. Kwa hivyo jaji anaita mtaalamu wa ajira. Huyu mtaalamu hamjui anti. Hajamwona akijaribu kuamka kitandani asubuhi. Mara nyingi yuko kwa simu tu. Jaji anamuuliza: tuseme kuna mtu wa umri huu, elimu hii, anaweza kukaa saa sita kwa siku ya saa nane, hawezi kuinua zaidi ya paundi 10, yaani kama kilo nne na nusu. Kuna kazi gani?

Mtaalamu anataja kazi tatu hivi. Anaweka nambari kwa kila moja. Basi. Anti akisikia nambari kubwa, safari yake imeisha.

Na sheria imeandikwa kwa namna ambayo hata si lazima kazi hiyo iwe karibu na unapoishi. Si lazima kuwe na nafasi wazi. Si lazima uwe na uwezekano wa kuandikwa ukiomba. Inatosha kwamba kazi hizo zipo kwa wingi, mahali fulani. Ni kama kumwambia mtu wa Mathare asiseme ana njaa kwa sababu kuna sahani za ugali Lodwar, na hizo sahani zina watu wanakula tayari. Sawa, tuseme tumekubali, bunge lao ndilo lilipitisha. Lakini kama ushahidi wote uliobaki dhidi ya mgonjwa ni nambari, si basi hiyo nambari iwe ya kweli?

Sasa ingieni na mimi jikoni muone vile hiyo nambari inapikwa.

Kiungo cha kwanza ni orodha ya kazi. Kuna kitabu kinaitwa Dictionary of Occupational Titles, cha Wizara ya Kazi ya Marekani. Kina majina ya kazi zaidi ya 12,000, kila moja na maelezo yake: nzito ama nyepesi, ya ujuzi ama isiyo ya ujuzi. Toleo lake la nne lilitoka 1977. Mwaka wa 1977 Mzee Jomo Kenyatta alikuwa bado Ikulu. Likarekebishwa mara ya mwisho 1991, wakati Kenya ilikuwa inapigania kurudisha vyama vingi. Tangu hapo, kimya. Wizara yenyewe ilishaachana nacho ikatengeneza mfumo mpya wa intaneti. Lakini kwa kesi za walemavu, kitabu kiliendelea kutawala.

Ndani ya hicho kitabu, wanaoshughulikia kesi hizi wanahesabu kazi 137 za kukaa ambazo hazihitaji ujuzi, zile mtu anaweza kujifunza kwa siku 30 ama chini. Hizo ndizo zinabaki kwa mtu kama anti. Je, ni kazi gani?

Kuna kuandika anwani kwenye bahasha, kwa mkono ama kwa taipureta. Kuna kuchambua njugu. Kuna kukagua vijiti vya mbao vya kuungia fanicha kama vina nyufa. Kuna kutuma makaratasi ndani ya mirija ya upepo kutoka ofisi moja ya jengo hadi nyingine. Kuna kuandaa hati zipigwe picha za mikrofilamu. Wewe uliyezaliwa 2004, hata hujui mikrofilamu ni nini, na siwezi kukulaumu. Lakini kuna watu wamenyimwa bima yao kwa kuambiwa waende wakafanye hiyo.

Enyewe soma tena: kuandika anwani kwa taipureta. Nchi iliyotuletea Google.

Kiungo cha pili ni nambari, na hapa ndipo nataka kila mtu aliyewahi kufanya mtihani wa hesabu akae vizuri. Kile kitabu hakihesabu watu. Kinaeleza kazi tu. Anayehesabu ni Bureau of Labor Statistics, idara yao ya takwimu za kazi. Na hiyo idara haihesabu kazi moja moja kati ya zile 12,000. Inahesabu kwa makundi makubwa, kama 800 hivi. Kundi moja linaweza kubeba ndani yake mamia ya majina kutoka kile kitabu: nyingine za kukaa, nyingine za kusimama, nyingine za kubeba magunia, nyingine zinahitaji miaka miwili ya kujifunza. Tena takwimu hizo zinachanganya walioajiriwa siku nzima na wanaofanya saa chache.

Kwa hivyo mtaalamu ana nambari ya kundi, lakini anatakiwa kutoa nambari ya kazi moja ndani ya kundi. Anaipata wapi?

Njia moja ambayo imetumika sana ni hii: unachukua jumla ya kundi, unagawanya sawa kwa sawa kwa majina yote yaliyomo. Umemaliza.

Wacha nilete hiyo hesabu hapa nyumbani muone ukichaa wake. Tuseme mtu amehesabu madereva wote wa Nairobi na kupata 100,000. Nambari nimetunga, ni mfano tu. Halafu ana kitabu cha zamani kinachosema kuna aina 10 za udereva: matatu, boda, teksi, lori, tuktuk, basi la shule, trekta, ambulensi, gari la maiti, na gari la kuvutwa na farasi. Anagawanya sawa. Kila aina inapata 10,000. Kwa hivyo, mheshimiwa jaji, Nairobi ina madereva 10,000 wa magari ya farasi, na huyu mama mgonjwa anaweza kuwa mmoja wao. Kesi imekwisha, arudi nyumbani.

Hakuna mwanafunzi wa Form Two anayeweza kupeleka hiyo kwa mwalimu bila kuchekwa. Lakini watu wamepoteza pesa ya kula kwa hesabu ya aina hiyo.

Kusema kweli, si wote wanafanya hivyo. Kuna wanaotumia programu za kompyuta zinazojaribu kupima kila kazi inapatikana kwa viwanda gani, halafu kukadiria kwa uangalifu zaidi. Kuna wanaosema wametumia uzoefu wao wa miaka 20 ya kutafutia watu kazi. Shida ni kwamba njia hizi zinaweza kutoa majibu ya mbali sana kwa kazi ileile, na mgonjwa hajui nambari yake ilitoka kwa ipi. Mahakama ya rufaa ya shirikisho kule Chicago imelalamika kuhusu hii kitu tena na tena. Jaji Richard Posner aliiandikia maneno makali 2014 na 2015. Mwaka wa 2018, kwa kesi inayoitwa Chavez, mahakama hiyo ilirudisha uamuzi kwa sababu mtaalamu hakuweza kueleza kwa nini aamini kwamba kugawanya sawa kwa sawa kunaleta nambari ya kuaminika.

Halafu ikaja Mahakama ya Juu kabisa.

Michael Biestek alikuwa fundi seremala na mtu wa mjengo. Mgongo ukaharibika, tena akawa na homa ya ini aina ya C na msongo wa mawazo. Akaomba hiyo bima. Kwa kesi yake mtaalamu wa ajira akasema kuna kazi 240,000 za kuunganisha vifaa mezani na 120,000 za kuchambua vitu, na kwamba mtu kama yeye angeweza kuzifanya. Wakili wake akauliza swali ambalo wewe pia ungeuliza: hizo nambari umetoa wapi? Mtaalamu akajibu kwamba zimetoka kwa takwimu za serikali na kwa uchunguzi wake binafsi. Wakili akasema sawa, tuonyeshe huo uchunguzi. Mtaalamu akasema hapana, uko kwa mafaili ya siri ya wateja wake. Wakili akasema basi futa majina ya wateja, utuonyeshe nambari. Jaji akasema hatamlazimisha.

Mambo yakapanda hadi Washington. Tarehe 1 Aprili 2019, na si mzaha wa siku ya wajinga, majaji sita dhidi ya watatu walisema kwamba mtaalamu kukataa kuonyesha data yake hakumaanishi moja kwa moja kwamba ushahidi wake hautoshi. Inategemea kesi na kesi. Jaji Kagan ndiye aliandika uamuzi. Waliopinga ni Sotomayor, Gorsuch na Ginsburg. Kama unafuata siasa za Marekani hata kidogo, unajua Gorsuch na Ginsburg hawakuwa watu wa kukubaliana kila siku. Kwa hili walikaa upande mmoja.

Na kuna kitu kwa kesi ya Biestek kilinimaliza. Alikubaliwa kuwa mlemavu kuanzia mwezi aliofikisha miaka 50, na akakataliwa kwa miaka ya kabla ya hapo. Kwa nini? Kwa sababu wana majedwali. Ukifika 50, huna ujuzi wa kuhamishia kwa kazi ya mezani, na unaweza kazi za kukaa tu, kwa kawaida jedwali linasema wewe ni mlemavu. Ukiwa chini ya 50, jedwali halikubebi, unaachwa na mtu wa kuhesabu kazi. Mtu ni yuleyule, mgongo ni uleule. Akiwa na 49 kuna kazi 360,000 zinamngoja. Anakata keki ya birthday, zote zinapotea.

Anti ana 47. Sasa mnaelewa kwa nini haongei kuhusu eksirei.

Najua kuna watu tayari wanakuja na majibu. Wacha niwajibu mapema.

Kuna wa kusema: "Hizo ni pesa za walipa kodi, kuna matapeli wengi." Kweli, matapeli wapo kila mahali, hata sisi tunawajua kwa majina. Lakini tapeli anakamatwa kwa maswali manne ya kwanza: kwa rekodi za hospitali, kwa daktari, kwa kuangalia kama anafanya kazi kisirisiri. Swali la tano halitafuti tapeli. Mtu akifika hapo, serikali imeshakubali kwamba anaumwa kweli na kazi yake ya zamani hawezi. Kugawanya nambari vibaya hakukamati mwizi yeyote. Kunakamata mgonjwa ambaye hana wakili mzuri.

Kuna wa kusema: "Hakuna anayeweza kujua nambari kamili, lazima makadirio." Nakubali asilimia mia. Hakuna aliyeomba nambari kamili. Mimi nikikadiria watu waliokuja kwa event, ninaweza kukosea. Lakini nikikuambia 5,000, nikuambie pia kwamba nilihesabu viti vya safu moja nikazidisha kwa safu. Hapo unaweza kuniambia, msee, safu za nyuma zilikuwa tupu. Makadirio yaliyo na njia yanaweza kurekebishwa. Makadirio bila njia ni amri tu iliyovaa nguo za hesabu.

Na kuna wa kusema: "Hiyo si imeshabadilishwa?" Huyu amesoma, namheshimu. Ndiyo, kuna kitu kimebadilika. Juni 2024 shirika la Social Security lilitangaza kwamba kuna kazi 114 za kile kitabu ambazo hazitatumika tena kumkatalia mtu, kwa sababu zimebaki chache mno. Kazi nyingine 13 haziwezi kutumika bila ushahidi wa ziada. Halafu kuanzia tarehe 6 Januari 2025 kuna mwongozo mpya unaosema mtaalamu anatarajiwa kutaja data yake imetoka wapi, na kueleza kwa jumla vile alifika kwa hiyo nambari.

Nilifurahi kusoma hiyo. Halafu nikaisoma mara ya pili nikapoa. Kwanza, ilichukua kutoka 1991 hadi 2024 kukubali jambo ambalo mtoto wa darasa la sita angekuambia. Wale waliokataliwa katikati, nani atawarudishia? Pili, mwongozo huohuo umemwondolea jaji wajibu wa kutafuta na kutatua migongano kati ya maneno ya mtaalamu na kile kitabu. Zamani jaji alilazimika kuuliza. Sasa kama wewe ama wakili wako hamkuuliza, swali linaweza lisiulizwe kabisa. Tatu, "kueleza kwa jumla" si kuonyesha karatasi. Mwalimu wangu asingekubali nieleze kwa jumla.

Na hiyo serikali imekuwa ikikusanya data mpya kwa zaidi ya muongo mmoja. Idara ileile ya takwimu inafanya uchunguzi wa kuuliza waajiri kazi zao zinahitaji nini hasa: kukaa saa ngapi, kuinua kilo ngapi, kujifunza siku ngapi. Matokeo yanachapishwa. Yaani mchele mpya uko kwa stoo, na mgonjwa anaendelea kupikiwa ule wenye wadudu wa 1977.

Sasa kuna mtu amekaa Umoja anauliza, haya ya Marekani yananihusu na nini?

Yanakuhusu kwa sababu karo yako, ama ya binamu yako, ama lile paa la nyumba ya shosho, lilitoka kwa mgongo wa mtu aliye huko. Wakenya wengi sana huko wako kwa hiyo kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa. Hiyo kazi inavunja watu. Wakivunjika wana bima waliyolipia, na wengi hawajui hata kwamba wanaweza kuiomba.

Na yanakuhusu kwa sababu hata hapa tumeanza kuishi kwa nambari zisizo na njia. Mwaka wa 2023 ulikuja mfumo mpya wa kufadhili vyuo, wanafunzi wakapangwa kwa bendi. Mtoto wa mama mboga anaambiwa familia yake ina uwezo, anauliza uwezo upi, anaambiwa mfumo umesema. Unaomba mkopo kwa simu, programu inasema una alama fulani, hufai. Nani alihesabu? Kwa kutumia nini? Hakuna. Mashine imesema. Huyo ni yule mtaalamu wa Biestek amezaliwa upya, safari hii hana hata jina la kuulizwa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni mmoja na siutoi. Nambari yoyote inayoweza kumnyima mtu chakula, masomo ama matibabu, lazima ije na njia yake. Kama njia ni ya siri, nambari isihesabiwe. Si ipunguziwe uzito, si tuiangalie kwa jicho la wasiwasi. Itupwe. Mwalimu wa hesabu alituambia hivyo tukiwa na miaka 15, na ilikuwa kwa alama mbili tu.

Kama una mtu wako huko anangoja kesi kama ya anti, mtumie haya. Atafute wakili ama mwakilishi mapema, asiende peke yake. Wengi wao wanalipwa tu kesi ikishinda. Kama Kiingereza cha mahakama kinamlemea, aombe mkalimani, hilo shirika linampa bila malipo. Na siku ya kesi, mtaalamu akitaja nambari, mwakilishi asinyamaze. Aulize pale pale: data imetoka wapi? Ya mwaka gani? Kundi hilo lina kazi ngapi ndani? Umegawanya vipi? Wangapi wanafanya siku nzima? Hiyo kazi bado ipo ama iko kwa makumbusho? Maswali hayo yakose kuulizwa siku hiyo, baadaye ni vigumu sana kuyarudisha.

Jana nilimpigia anti tena. Alikuwa amelala chali sakafuni, ndiyo namna pekee mgongo unatulia. Nikamsomea hayo maswali. Alikuwa ameyaandika yote kwenye daftari lake, moja baada ya jingine, kwa mkono.

Akacheka, akaniambia, "Unaona, tayari wana ushahidi kwamba naweza kuandika anwani kwa bahasha."

Sikucheka sana. Kesi ni mwezi ujao.